Madungusi ya Mama Zizini

Watu wengine wakisikia harufu ya mchanga unaokaangwa wanatamani karanga. Mimi napandwa na hasira. Juzi nilikuwa napita karibu na stendi hapa Mbeya, kijana mmoja anakaanga karanga zake kwenye karai, mchanga umepata moto hasa, ile harufu ya vumbi lililoungua ikanijia puani, nikajikuta nimekunja uso mpaka kijana mwenyewe akaniuliza, "Mama, kwani karanga zangu zimekukosea nini?" Nikanunua ili yaishe. Nilifika nazo nyumbani nikaziweka mezani, wala sikuzila. Nilikaa naziangalia tu, na hasira ile ya utotoni ikakaa na mimi pale pale.

Kwetu Chimala mchanga haukukaangwa kwa ajili ya karanga. Mama aliukaanga kwa ajili ya mbegu. Alikuwa na karai lililotoboka pembeni, lisilofaa tena kwa mapishi, na siku ambayo nguo za kushona hazikuwa nyingi aliwasha jiko la mkaa nyuma ya nyumba, akamwaga mchanga wa mtoni aliokwisha kuuchekecha, akawa anaugeuza kwa mwiko, taratibu, bila haraka yoyote. Mimi nilichuchumaa karibu nikisubiri karanga zitokee. Nilikuwa mdogo, hata shule sijaanza, na niliamini kwamba mchanga ukiiva vizuri ndio unageuka karanga. Zikawa hazitokei. Nikamwambia Mama mchanga wake hauivi, aongeze mkaa. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Mama alikuwa Mhehe wa Iringa. Kabla ya kuolewa alijifunza cherehani kwa masista, na huko kulikuwa na sista mmoja mzee, Mzungu, aliyekuwa anaotesha madungusi kwenye makopo. Sio haya madungusi makubwa unayoyaona yamejiotea barabarani, hapana. Yale yalikuwa madogo, ya mviringo, mengine yana miiba laini myeupe unaweza kuipapasa kwa kiganja, na sista alisema huko ng'ambo yanakotoka yamebaki machache sana porini, watu wameyachimba karibu yote. Mama alipoaga kwenda kuolewa, wenzake walipewa vitambaa vya meza. Yeye aliomba mbegu. Alizibeba kwenye karatasi iliyokunjwa, mbegu nyeusi ndogo ukipiga chafya zimekwenda, akashuka nazo kutoka baridi ya Iringa mpaka kwenye joto la Usangu, hapo Chimala, kwa mume asiyemjua vizuri.

Mume mwenyewe ndiye Baba. Baba alikuwa Msukuma, alihamia Usangu na ng'ombe wa baba yake kabla sijazaliwa, na mpaka anaingia kaburini ng'ombe ndio walikuwa akili yake yote. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Hakutupiga, hakunywa, chakula hakikukosekana. Lakini ukimwonyesha kitu chochote chini ya jua, swali lake lilikuwa moja: kinamsaidia nini ng'ombe? Mvua, majani, shule yangu, yote yalipimwa kwa ng'ombe. Alinipa jina Milembe, maana yake amani, na nikitazama maisha yangu naona jina hilo limepotea njia.

Basi Mama alipanda mbegu zake kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, kwenye mchanga ule uliokaangwa ili ukungu usiue miche, akachanganya na tofali lililopondwa na vumbi la mkaa, akafunika kila kopo kwa nailoni. Maji hakumwagia juu. Alisimamisha kopo kwenye beseni lenye maji kidogo, yakapanda yenyewe kutoka chini. Baada ya muda vilitokea vidoti vya kijani, huwezi kuviona bila kuinama, na ukiviona huwezi kuamini kwamba hivyo vitakuja kuwa kitu. Majirani walikuwa na lao la kusema. Bibi, mama yake Baba, tuliyekuwa tunakaa naye, alimwambia kila mgeni, "Mkwe wangu huyu anapika mchanga, halafu anaupa maji ya kunywa." Watu wanacheka. Mama naye anacheka. Nilikuwa nadhani anafurahi.

Hata hivyo yalikua. Mpaka mimi naanza kupata akili, mawili kati ya yale ya mwanzo yalikuwa yamefikia ukubwa wa chungwa na yalikuwa yanatoa maua. Moja lilitoa ua la njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji. Jingine lilitoa jekundu, lakini jekundu zito, karibu na zambarau. Maua yale yalifunguka jua likiwa kali, jioni yakafunga, na hayakukaa siku nyingi. Siku moja yalifunguka yote mawili kwa pamoja, na Mama akaacha gauni la watu kwenye cherehani, akamkamata kuku wetu mwekundu, akamchomoa nyoya moja. Akalizungusha nyoya ndani ya ua la njano, likatoka na unga, akalipeleka kwenye lile jekundu akalipangusa humo. Kisha akafunga uzi mweupe kwenye shina la ua ili asisahau ni lipi.

"Unawachanja?" nikamuuliza, maana nilikuwa nimewaona watu wa mifugo wakichanja ndama.

"Nawafungisha ndoa," akasema.

Mimi nikauliza kitu ambacho mtoto yeyote wa nyumba ya ng'ombe angeuliza. "Nani katoa mahari?"

Mama aliniangalia, akacheka kidogo. "Hapa hakuna ng'ombe, Milembe. Hapa wamependana tu." Nikaona ndoa hiyo haina maana. Bila ng'ombe watu watajuaje kwamba mmeoana?

Tunda likatokea, dogo, limekauka, ndani lina mbegu. Mama akakaanga mchanga upya. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mbegu zile hazikuwa za sista tena, wala hazikuwa za ng'ambo. Hapakuwa na mtu Chimala, wala Iringa, wala popote, aliyekuwa na dungusi kama lile lililokuwa linakuja. Mama ndiye aliyelitengeneza. Mtu ambaye tangu aolewe kila kitu chake kilikuwa cha watu, kitambaa cha mteja, nyumba ya mume, jiko la mama mkwe, alikuwa ametengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Na alitaka jambo moja tu: kuona ua lake litakuwa rangi gani.

Tulibishana sana juu ya rangi hiyo. Mimi nilishafika shule wakati huo, nikasema litakuwa la machungwa, kwa sababu mwalimu alitufundisha njano na nyekundu zinatoa hiyo. Bibi, ambaye hakuyapenda madungusi lakini alipenda ubishi, alisema litakuwa jekundu, kwa sababu mtoto ni wa baba. "Na nani kakwambia jekundu ndiye baba?" Mama akamuuliza, na Bibi akaanza kukohoa. Mimi nikamuuliza Mama yeye anasemaje. "Sijui," akasema. "Ningekuwa najua ningeshaacha kumwagilia."

Miche mingi ilikufa. Mingine iliozea kwenye shingo, mingine iliungua jua. Iliyobaki ilipangwa kwenye ubao nyuma ya nyumba pamoja na wazazi wao, na miaka ikapita, mimi nabadilisha madarasa, wao wanaongezeka kwa unene wa kucha. Dungusi halina haraka na mtu. Ndipo kiangazi kimoja, ng'ombe wameshahamishiwa kambini kule kwenye majani upande wa Madibira, Mama akaniita asubuhi kwa sauti ambayo sikuizoea. Akanionyesha. Ubavuni mwa mche mmoja, katikati ya miiba, kulikuwa na tumba. Dogo, lina manyoya manyoya, limefungwa kabisa. Mama alijaribu kuchungulia lina rangi gani, akashindwa. Siku hizo alishona huku anaimba.

Sasa huko kambini fisi walikuwa wanaingia kwenye zizi la ndama. Zizi la Wasukuma ni la matawi ya miiba, unayarundika kuzunguka, lakini fisi hapiti juu, anachimba chini. Baba alirudi nyumbani na mkokoteni kuchukua chumvi na unga, siku ya gulio, Mama yuko sokoni na cherehani yake. Nilikuwa nafua sare yangu. Baba alikwenda nyuma ya nyumba kujisaidia, na alipokuwa anarudi akasimama mbele ya ule ubao. Alisimama muda mrefu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Baba anayaangalia madungusi ya Mama, na moyo wangu ulijaa furaha. Nilijua anawaza nini: anawaza kwamba ni mazuri.

Thubutu! Alikuwa anawaza fisi. Mtu mzima na akili zake, aliona miiba, na kwa mfugaji mwiba una kazi moja. Akasema peke yake, "Kumbe vitu hivi vipo tu hapa vimekaa." Akaanza kuyang'oa kwenye makopo, moja moja, kwa gunia mkononi asichomwe, anayapakia kwenye mkokoteni juu ya mifuko ya chumvi. Yote. Wazazi na watoto. Makopo akayaacha, akasema yatamfaa Mama kwa kitu kingine. "Haya nayapanga chini kabisa kwenye zizi la ndama," akaniambia, ana furaha zake. "Fisi akileta pua, atanikumbuka." Halafu akawachapa maksai akaondoka.

Hebu niambieni, unazibaje zizi kwa madungusi yenye ukubwa wa chungwa? Mengine yalikuwa na ukubwa wa gololi! Miiba laini ya kupapasa kwa kiganja, eti fisi aikimbie! Ningekuwa mtu mzima siku ile ningelala mbele ya mkokoteni. Nilikuwa mtoto, na nilielewa kinyume. Nilielewa kwamba Baba hatimaye ameyapenda, ameyaheshimu mpaka ameyapa kazi kwa ng'ombe wake. Kwetu hakukuwa na heshima kubwa kuliko hiyo. Nikakimbia mpaka sokoni kumpelekea Mama habari njema.

"Mama! Baba ameyachukua madungusi yako! Ameyapenda, amekwenda kuyapanda zizini!"

Mama alikuwa na pini mdomoni, anapima suruali ya mtu. Alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. "Yote?" akauliza.

"Yote."

"Na lile?"

"Na lile."

Akamwambia mwenye suruali amsubiri. Akaenda nyumbani, sio kwa kukimbia, akayaona makopo matupu ubaoni na mchanga uliomwagika. Akarudi sokoni akamalizia suruali. Hakupiga kelele, hakulia, hakumtukana mtu. Mimi nikahitimisha kwamba hajakasirika, na kwa miaka mingi nilibaki na wazo hilo la kijinga. Sijilaumu kwa hilo, mtoto husoma anachoonyeshwa. Wa kulaumiwa walikuwa watu wazima, na wao walisoma vizuri kabisa.

Nawaambia walisoma vizuri kwa sababu jioni ile Bibi alizunguka nyumba nzima anakusanya kamba. Kamba ya kisimani, kamba za kufungia ndama, hata ile ya kuanikia nguo, akazifungasha zote na kuzisukumia chini ya kitanda chake. Na sumu ya panya akaitupa chooni. Nilidhani anafanya usafi. Nilishamaliza shule ndipo nilipoelewa, nilipowasikia watu wakiwatania Wahehe kwamba hasira zao huishia kwenye kamba shingoni. Bibi aliuamini ule utani. Maana yake alijua! Alijua mwanawe amemuumiza mkwe wake kiasi hicho, kiasi cha kuficha kamba, na bado halikumjia wazo la kumwambia mwanawe arudishe mimea ya watu. Kuficha kamba kulikuwa rahisi zaidi. Hilo ndilo linaloniua mimi mpaka leo.

Maziwa ya kambini yaliletwa kwa baiskeli na Shija, mdogo wake Baba. Kesho yake Mama alimsubiri barabarani. "Shemeji," akamwambia, "sitaki yote. Niletee moja tu, lenye tumba ubavuni. Lifunge kwa kitambaa hiki." Akampa kitambaa cha pamba alichokwisha kukikata tayari.

Shija alikuwa mtu wa masihara. "Shemeji, nikitoa moja si naacha tundu? Fisi akipita, kaka atasema ni mimi niliyemkaribisha." Akacheka, akaning'iniza kitambaa shingoni kama skafu. Siku iliyofuata alirudi na maziwa na salamu: kaka anasema ahsante sana, ndama wamelala salama. Kitambaa kilikuwa bado shingoni, kimechafuka. Mama alimwomba tena, na tena. Kila siku alikuwa na jibu jipya la kuchekesha, na kila siku Mama alimmiminia chai.

Mwishowe Mama akaamua kwenda mwenyewe. Alivaa kitenge chake cha kutokea, akachukua kikapu, akaweka matambara ndani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anapepeta mchele, na hakuinuka. Aliongea taratibu, kwa adabu kabisa, na ndio maana nayakumbuka maneno yake.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "unakwenda wapi?"

"Kambini, mama. Nafuata dungusi langu moja, narudi."

"Ukienda kambini kumfuata mume kwa ajili ya kitu alichokichukua, wanaume wote kule watajua kwamba umemwita mwizi. Mwanangu anaibaje nyumbani kwake?"

Mama alisimama na kikapu chake. Nilitegemea atasema neno. Nilikuwa namwangalia mdomo. Alikuwa na maneno, yule mwanamke, sokoni hakuna aliyemwonea kwa kitambaa wala kwa kipimo. Lakini alirudi ndani, akavua kitenge, akakikunja. Mungu amrehemu, nampenda, ila hasira yangu nyingine ni yake. Angepita! Bibi angefanya nini na ungo wa mchele mapajani?

Baba alirudi mvua zilipokaribia, ng'ombe wako njiani nyuma yake na vijana. Alikuwa amenenepa, ana raha. Mama alimpokea, akamwekea maji ya kuoga, akapika ugali na maziwa ya mgando, kila kitu kama kawaida. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nafanya hesabu za shule. Baba alipomaliza kula, Mama akarudi kwenye cherehani, kulikuwa na sare za watu za kumalizia. Baba akawa anachokonoa meno, anatoa habari za kambini: ng'ombe gani amezaa, nani amegombana na nani juu ya kisima. Madungusi yote yalikuwa yamekwisha, akasema, ndama wameyakanyaga na mkojo umeyaozesha. Aliongea kwa masikitiko kidogo, kama unavyosema juu ya mbwa mlinzi aliyekufa.

"Halafu lile moja lilitoa ua, bwana," akasema. "Mchana nimekwenda kuangalia ndama, nikaliona limefunguka pale chini kwenye samadi. Nimesimama hapo, ndama akaja akalila lote." Akacheka.

Cherehani ikanyamaza. Mama hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umeshika gurudumu.

"Lilikuwa rangi gani?"

"Nini?"

"Ua. Lilikuwa rangi gani?"

Baba akaacha kuchokonoa meno. Namtendea haki: alijaribu. Nilimwona anafikiri, anatazama juu kwenye mabati, paji la uso limejikunja. Huyu ni mtu aliyeweza kukutajia rangi na mabaka ya kila ng'ombe aliyewahi kumiliki, na wa baba yake, na ng'ombe wa jirani waliokufa Shinyanga mimi sijazaliwa.

"Aa, Mama Milembe," akasema, "mimi nilikuwa namwangalia ndama."

Mama alisubiri kidogo, labda atakumbuka. Kisha akakanyaga cherehani akaendelea na sare za watu. Sasa wote wawili wamelala makaburini, ndama yule aliliwa zamani, na hakuna mtu duniani wa kumuuliza. Baba alikuwa amesimama mbele ya ua lile. Mchana, jua linawaka.